Tochi moja ya mfukoni kwa kazi zote: ipi itastahamili chumvi ya hapa kwetu?

#1 Kandili_Mchangani
Assalaam alaykum wanajamvi. Natafuta tochi moja tu ya mfukoni, ya kutembea nayo kila siku. Kazi zake: vichochoro vya Mji Mkongwe umeme ukikatika, kuchungulia waya na mita ndani ya nyumba, kwenda shamba mwisho wa wiki, na pwani usiku maji yakipwa. Sitaki ya elfu tano, wala sitaki ya laki tatu.

Swali la pili ndilo linalonikera zaidi. Hizi za zumu (zenye kichwa cha kuvuta kubana au kutawanya mwanga) zinazouzwa Darajani, zenye betri tatu ndogo ndani ya kikapu cha plastiki, kwa nini baada ya miezi mitatu minne zinaanza kukonyeza? Unaipiga kiganjani inawaka, unaitikisa inazima. Mie nasema ni chumvi ya hewa tu. Nimekosea?

#2 FundiWaya
Waalaykum salaam. Umekosea. Ni hicho kikapu.

Betri tatu za AAA zimepangwa mfululizo, na kila betri ina ncha mbili, kwa hiyo umeme unavuka viungo sita hata haujatoka kikapuni. Ongeza ncha mbili za kikapu chenyewe, springi ya mkia, swichi, na uzi wa kufungia mkia. Hivyo ni zaidi ya viungo kumi, vyote vya kugusana tu, hakuna kilicholehemiwa. Tochi ikipata moto plastiki inalainika kidogo, vile vibati vinarudi nyuma, na betri inacheza. Ukiipiga kiganjani unairudisha betri mahali pake kwa sekunde mbili tatu.

Dawa ya muda: vitoe vibati mbele kwa bisibisi nyembamba, milimita moja inatosha. Dawa ya kweli: nunua tochi ya betri moja.

#3 Ngalawa
Fundi kasema robo. Betri moja nayo inakonyeza ukikaa pwani. Fungua mkia wa tochi yoyote ya aluminiamu iliyokaa mwaka Nungwi au Jambiani, utaona unga mweupe kwenye uzi. Huo ni aluminiamu iliyoliwa, na unga wenyewe haupitishi umeme. Halafu iangalie springi. Nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli nyembamba, ikikwanguka tu kutu inaingia. Kandili yuko sahihi, ni chumvi.

#4 Saa_Nane_Usiku
Mimi natumia simu. Mada ifungwe.

#5 FundiWaya
@Saa_Nane_Usiku simu nyingi hazifiki lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100, mwanga wake umetawanyika na hauendi mbali. Na siku umeme unakatika saa 12 jioni mpaka asubuhi, simu hiyo hiyo ndiyo unayoitegemea kupiga na kununua tokeni za umeme. Ikizima utamulika kwa nini?

#6 Kibuyu_Chake
Kabla hamjafika mbali, muulizeni anataka betri ya aina gani. Hilo ndilo linaloamua mengine yote.

AA (betri ndogo ya kawaida): inapatikana kila duka, kuanzia Chake mpaka Makunduchi. Ile ya kuchajika ya NiMH ina volti 1.2, na nzuri zake zinabeba kama 1900 hadi 2000 mAh (kipimo cha chaji). Zidisha kwa volti, gawa kwa 1000, utapata Wh (kipimo cha nishati) 2.3 hivi.

18650 (kipenyo milimita 18, urefu 65): lithiamu, volti 3.6, nzuri ya kawaida 3000 mAh. Zidisha, Wh 10.8.

Yaani 18650 moja ni sawa na AA nne na nusu, na ukubwa unaongezeka kama mara mbili tu. Kwa lumeni 100 hivi AA itakupa chini ya saa mbili. 18650 itakwenda saa nane au zaidi, ikiwa bodi ya ndani (saketi inayoongoza umeme wa taa) si ya ovyo. Kwa mtu wa kazi zote nne ulizozitaja, 18650.

#7 BiMwana_Wete
Kibuyu, hesabu zako sawa, lakini 18650 ikimuishia yuko shamba ataipata wapi? AA ataipata kwa muuza sigara. Na ziko tochi zinazokubali AA na 14500 zote mbili, ambayo ni lithiamu yenye umbo lile lile la AA. Nyumbani unatia 14500 unapata mwanga mkali, ukikwama unatia AA ya dukani mwanga unapungua lakini upo. Sofirn SP10 Pro ni ya namna hiyo.

Tahadhari moja kubwa: 14500 ina volti 3.7, na ikijaa 4.2. Usiitie kwenye tochi iliyoandikwa 1.5V tu, bodi inaungua hapo hapo. Na usizitie mbili kwenye kitu cha AA mbili, hiyo ni 8.4.

#8 Mpita_Njia
Mbona nimeona 18650 za 9900 mAh, bei rahisi kuliko hizo zenu za 3000? Si bora hizo?

#9 Kibuyu_Chake
@Mpita_Njia hakuna kitu kama hicho duniani. 18650 nyingi za kweli kikomo chake ni kama 3500 mpaka 3600. Ukiona 5000, 6800, 9900, aliyeandika ni mchapaji wa karatasi, si mtengenezaji wa betri. Ndani nyingi huwa ni seli zilizotolewa kwenye betri chakavu za kompyuta na kuvishwa ganda jipya, na zikipimwa huwa zimebaki na 800 au 1000.

#10 Sonara_wa_Uzi
Hapa na mie nina la kusema. Mpelekee sonara akupimie kwenye mizani yake. 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 mpaka 48. Ikija 30, au chini ya hapo, ndani mna seli ndogo na nafasi tupu.

#11 Kibuyu_Chake
Sonara umesema kweli, ila nikuongezee: uzito unakamata feki zile za aibu tu. Seli chakavu ya kompyuta nayo ina gramu 45, maana ni seli halisi iliyochoka. Hiyo haikamatwi na mizani, inakamatwa na chaja inayopima: unaijaza mpaka 4.2, unaimwaga kwa mkondo wa 0.5A mpaka 2.8 au hapo karibu, unaangalia imetoa mAh ngapi. Huna chaja hiyo? Ijaze, iache siku tatu mezani, ipime kwa mita. Ikiwa imeshuka chini ya 4.1 yenyewe bila kutumika, imechoka. Na iliyokutwa chini ya 2.5 usiijaribu tena kuichaji, hata kama chaja imekubali.

#12 Saa_Nane_Usiku
Wapemba bwana! Mtu kauliza tochi, wao washafungua maabara.

#13 BiMwana_Wete
Wewe endelea kumulikia simu, tutakutumia karabai.

#14 Karabai76
Nani kanitaja 😄

Nikiwa hapa: ule umeme uliokatika Unguja miezi mitatu mwaka 2008, tochi zote za dukani ziliisha watu wakarudi kwenye kandili. Kwa hiyo mawe makubwa (betri za D) yasidharauliwe.

#15 Popo_wa_Kidike
Mwaka 2008 ulikuwa mwezi mmoja, Mei mpaka Juni. Ule wa miezi mitatu ni Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Waya wa kwanza wa kuleta umeme Unguja chini ya bahari ulikuwa wa 1980, huu wa pili umekuja 2013. Na sisi Pemba wakati huo tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha, waya kutoka Tanga umefika 2010. Kwa hiyo hilo giza lilikuwa lenu peke yenu.

#16 Karabai76
Sawa maalim, nimekubali. Mawe makubwa lakini yabaki.

#17 FundiWaya
Mawe makubwa yabaki kwenye redio. Betri za alikali na zile za bei rahisi za zinki zikiachwa ndani ya tochi zinavuja. Ile ya alikali inatoa unga mweupe wa potasiamu unaokula springi. Ikishatokea: toa betri, chovya pamba ya sikio kwenye siki au maji ya ndimu, futa mpaka mapovu yaishe, kisha futa kwa maji safi kidogo, kisha spiriti, kisha ikauke. Ukiacha ndimu bila kuiondoa umeongeza tatizo jengine. Hii ni kwa alikali tu, msije mkaosha lithiamu iliyovimba kwa ndimu. Hiyo inatolewa nje ya nyumba.

#18 Kandili_Mchangani
Ahsanteni, nimeanza kupata mwanga. (Samahani kwa utani.) Sasa lumeni ngapi? Nimeona za 1000, za 3000, moja imeandikwa 90000.

#19 Popo_wa_Kidike
Ya 90000 ipite kama ulivyoipita betri ya 9900.

Kwa vichochoro vya Mji Mkongwe huhitaji zaidi ya 30 mpaka 100. Kuta zina chokaa na ziko mita mbili kutoka usoni kwako. Ukiwasha 1000 mwanga unakurudia mwenyewe, mboni zinajifunga, huoni ngazi wala shimo. Na watu wamekaa barazani, kumulika mtu usoni ni ukosefu wa adabu.

Shamba kwenye minazi, 150 mpaka 300. Elfu moja ni ya kutupa jicho mara moja mbali, basi. Na tochi ndogo ya 1000 haikai kwenye 1000: ndani ya dakika moja mpaka tatu inajishusha yenyewe kwenye 300 au 400 kwa sababu ya joto. Hapa kwetu hewa iko digrii 30, inajishusha mapema zaidi. Huo si ubovu.

Umbali hauamuliwi na lumeni, unaamuliwa na kandela (ukali wa mwanga pale katikati ya mwale). Chukua kandela, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 2, unapata mita. Kandela 10,000 ni mita 200.

#20 Sonara_wa_Uzi
Kipeuo. Kipeo cha pili cha 10,000 ni milioni mia.

#21 Popo_wa_Kidike
Kipeuo, ahsante. Na hizo mita 200 ni mpaka mwanga unaofika kwenye kitu ubaki 0.25 laksi, sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kumtambua mtu ni nani, gawa kwa mbili au tatu.

Jambo jengine linalowapoteza watu ni zile saa zinazoandikwa kwenye boksi. Kipimo cha kawaida kinahesabu muda mpaka mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo "saa 50" huenda saa nne za kwanza ndizo za maana na zilizobaki ni kimulimuli cha majani. Tafuta mchoro wa mwanga dhidi ya muda. Mstari ukienda bapa kisha ukaanguka ghafla, bodi inarekebisha mwanga. Mstari ukiteleza tangu dakika ya kwanza, bodi inafuata betri tu.

#22 Ngalawa
Tumesahau pwani. Alama ya maji: IPX4 ni mvua ya rasharasha. IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni kina zaidi, mtengenezaji ndiye anayekitaja. Vipimo vyote hivyo ni kwa maji baridi. Chumvi haikupimwa.

Za zumu zitoeni kabisa kwenye hesabu. Kichwa kinachoteleza mbele na nyuma kinavuta hewa na maji kama bomba. Hata chenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji), mchanga mmoja ukiingia oringi inakatika.

Ikianguka baharini: usiiwashe. Ioshe kwa maji baridi ikiwa bado imefungwa, ikaushe nje, ndipo uifungue. Ndani pakiwa pakavu, futa uzi, paka grisi, funga. Pakiwa na maji, toa betri, suuza ndani kwa maji safi ya kunywa ili chumvi itoke, suuza tena kwa spiriti ya asilimia 90 na zaidi, iache wazi mbele ya feni siku mbili.

#23 Mpita_Njia
Si unaizika kwenye mchele?

#24 Ngalawa
Mchele unaingiza vumbi kwenye uzi na haukaushi kuliko feni. Mchele pika.

#25 BiMwana_Wete
Na hiyo grisi ya uzi, Vaseline inafaa? Ndiyo iliyopo kila nyumba.

#26 Ngalawa
Hapana, mafuta ya petroli yanavimbisha mpira. Tumia grisi ya silikoni.

#27 FundiWaya
Inategemea mpira. Oringi nyingi za tochi ni mpira wa nitrile, ule ule wa magari, huo haudhuriki na petroli. Vaseline kwake ni salama, ubaya wake ni kwamba inayeyuka kwenye joto na kushika mchanga. Oringi za silikoni na za EPDM (mpira wa aina nyengine) ndizo zinazovimba kwa Vaseline. Oringi ya rangi ya kijani inayong'aa au nyeupe laini, wasiwasi. Nyeusi ngumu, uwezekano mkubwa ni nitrile.

#28 Ngalawa
Uwezekano mkubwa si uhakika. Na grisi ya silikoni nayo haifai kwa oringi ya silikoni, zinafanana mno. Kwa hiyo sote tuna kasoro.

#29 FundiWaya
Hapo nakubali. Ila mafuta ya nazi mtu asipake. Yanachacha.

#30 Makonyo
Naingia kwa upande wa rangi, maana naona mnazungumza ukali tu.

Mwanga una rangi mbili za kuangalia. Ya kwanza ni kelvini: 6500 ni mweupe wa bluu, 5000 ni wa mchana, 3000 ni wa manjano kama kandili. Wa bluu unawaita wadudu zaidi. Kwenye ukungu na mvua unarudi usoni, japo hapo wapo wanaobisha. Ya pili ni uaminifu wa rangi, CRI. LED za rahisi ni 70. Nzuri ni 90 na zaidi, kwa mfano Nichia 519A.

Inahusu nini? Waya za nyumba zetu. Nyumba za zamani zina nyekundu, nyeusi, kijani. Mpya zina kahawia, bluu, kijani yenye mstari wa manjano. Nyumba nyingi zimechanganya zote mbili. Chini ya mwanga wa CRI 70, waya wa kahawia uliozeeka na mwekundu uliofifia vinafanana, na mweusi na bluu ya vumbi vinafanana. Bodi ya umeme si mahali pa kukisia.

Hata kuchambua karafuu usiku, mwanga uliotawanyika wa 4000 hauchoshi macho. Doa kali katikati ya jamvi linaumiza. Kama tochi ina doa, bandika kipande cha nailoni nyeupe ya mfuko kwenye kioo.

#31 FundiWaya
Kwenye waya Makonyo kasema kweli, lakini CRI ya 90 inakula lumeni. LED ile ile, betri ile ile, unapoteza kama robo ya mwanga. Na bado usiamini rangi, tumia testa. Waliofunga hawakuwa wote mafundi.

#32 Ngalawa
Na mwanga mwekundu je? Usiku chomboni ni muhimu, macho hayapotezi mazoea ya giza.

#33 Popo_wa_Kidike
Mwekundu ni mzuri pia kwenye fukwe za kasa, na hata huo usiuelekeze kwenye kiota. Ila kwenye ramani za bahari una hila yake: alama nyingi zimechapwa kwa rangi ya zambarau nyekundu, ukimulika mwekundu zinapotea. Ndiyo maana wengine wanapendelea mweupe hafifu sana, lumeni moja au chini ya hapo. Lumeni moja gizani ni nyingi kuliko mnavyodhani. Kwa daku bila kuwaamsha watoto inatosha kabisa.

#34 Ngalawa
Jambo la chomboni nililosahau: tochi zenye sumaku mkiani, kama Wurkkos FC11, ni tamu kwa fundi, unaigandisha kwenye boneti au friji. Lakini usiiweke karibu na dira. Sindano inakwenda pembeni, na usiku hutajua. Nusu mita iwe mbali, zaidi ikiwezekana.

#35 Makonyo
Na sumaku inaokota vumbi la chuma karakana. Bahati yetu mchanga wa pwani ni wa matumbawe, hauna habari na sumaku.

#36 Saa_Nane_Usiku
Kwanza inaitwa kurunzi, si tochi.

#37 Karabai76
Tochi ni ya mawe, kurunzi ni ya wazee, kitochi ni simu. Nokia 1100 ya 2003, ile ndiyo ilikuwa tochi ya kila siku. Unabonyeza kitufe kimoja, inawaka, na chaji inakaa wiki.

#38 BiMwana_Wete
Karabai leo kasema neno. Kitufe kimoja. Hizi za sasa ukibonyeza mara tatu inaanza kupepesa kama taa ya polisi. Mwenye kununua aulize: ikizimwa inakumbuka kiwango cha mwisho? Inaweza kuanza chini moja kwa moja? Kimulimuli kimefichwa au kiko njiani? Tochi inayokulazimisha kupita kwenye kimulimuli kila ukitaka mwanga mdogo utaitupa.

#39 Kibuyu_Chake
Na swichi ya ubavuni inakunywa betri hata imezimwa, maana bodi iko macho ikisubiri kidole. Nzuri inakunywa kidogo sana, mbovu inamaliza betri mwezi mmoja au miwili. Dawa: legeza mkia robo mzunguko. Inafanya kazi ikiwa uzi una rangi ngumu isiyopitisha umeme, si aluminiamu tupu. Pia inazuia kujiwasha mfukoni. Tochi ya lumeni 1000 ikijiwasha ndani ya kanzu inatoboa kitambaa.

Kuchaji: zenye tundu la USB-C nyingi za rahisi hazichaji kwa waya wa C kwa C. Hazikuwekewa vile vizuizi viwili vya ohmu 5100 vinavyoiambia chaja itoe umeme. Zinakubali waya wa A kwa C tu. Msizirudishe dukani mkasema mbovu. Na kifuniko cha mpira cha tundu ndicho mlango wa kwanza wa chumvi. Kwa mtu wa pwani bora isiyo na tundu, kama Convoy S2+, na chaja ya nje.

Betri ya akiba ibebe ndani ya kiboksi cha plastiki. Ikigusana na funguo au sarafu mfukoni, ni moto. Kwenye ndege inaingia na mkoba wa mkononi, si begi la chini. Na kabla ya kununua akiba angalia urefu: yenye kinga (kibodi kidogo cha usalama ndani yake) inafika milimita 68 mpaka 70, tochi nyengine hazifungi.

#40 Kandili_Mchangani
Nimeelewa zaidi ya nilivyouliza. Naona nimeegemea 18650 moja, swichi ya mkia, 5000K, bila tundu. Lakini bado hamjanijibu la kukonyeza. Kikapu, au chumvi?

#41 Makonyo
Si kimoja katika hivyo. Ni pete ya swichi. Ndani ya mkia kuna pete yenye matundu mawili inayobana swichi. Kila ukifunga na kufungua mkia inalegea kidogo. Ingiza ncha za koleo la mdomo mwembamba au mkasi mdogo, kaza. Sekunde kumi. Tochi nyingi "mbovu" zinapona hapo.

#42 FundiWaya
Pete ndiyo, lakini swichi zenyewe nyingi zimetengenezwa kwa ampea 1 au 1.5, na tochi inavuta 3. Ndani kunachomeka vidoti vyeusi. Ukikaza pete unaibana tu ipate mahali pengine pa kugusa, wiki ijayo inarudi.

#43 Popo_wa_Kidike
Na wakati mwengine si ubovu. Bodi nyingi zinakonyeza makusudi mara mbili tatu kila baada ya muda betri ikishuka karibu volti 3, kuonya. Mtu anaitikisa, betri inapumzika sekunde, volti inapanda, inatulia. Anasema nimeitengeneza.

#44 FundiWaya
Jaribio la kumaliza ubishi, kwa tochi ya betri moja yenye swichi ya mkia. Betri imejaa. Toa mkia. Unganisha kitako cha betri na ukingo mtupu wa mwili wa tochi kwa kipande cha waya mnene au foili iliyokunjwa. Ukingo wenyewe ule uliochongwa, si uzi wenye rangi. Ikiwaka thabiti, ubovu uko mkiani: springi, pete au swichi. Ikiendelea kukonyeza, ubovu uko kichwani: bodi imelegea kwenye tundu lake au lehemu ya waya imepasuka. Ukiwa na mita, iweke kwenye 10A badala ya waya, usome mkondo. Usiiache muda mrefu.

Ikiwa ni springi, lehemu waya mwembamba wa shaba kutoka chini ya springi mpaka juu yake, ulegee kidogo usizuie springi kubonyea.

#45 Ngalawa
Jaribio lina kasoro. Ukibonyeza waya kwenye kitako unaisukuma betri mbele, unaibana springi ya kichwani kuliko mkia unavyoibana. Ubovu wa kichwa unajificha, wewe unalaumu mkia.

#46 FundiWaya
Basi usibonyeze, gusa tu.

#47 Ngalawa
Ukigusa tu, mguso wenyewe unakonyeza.

#48 Saa_Nane_Usiku
😂😂😂 simu yangu haikonyezi.

#49 Kandili_Mchangani
Nimelifanya jaribio kwenye ile ya zamani ya betri moja. Kwa foili inawaka thabiti. Nimerudisha mkia, nao unawaka thabiti. Haikonyezi tena kabisa. Sasa hapo jibu nini?

#50 FundiWaya
Uliufuta uzi kabla ya jaribio au baada?

#51 Kandili_Mchangani
Kabla. Kulikuwa na ule unga mweupe aliousema Ngalawa, nikaupiga spiriti. Na pete niliikaza kidogo.

#52 Ngalawa
Unga mweupe! Nilisema.

#53 Makonyo
Pete! Nilisema.

#54 FundiWaya
Kandili, hukupima kitu. Iache ianze tena kukonyeza, usiifute, usiikaze, ipime hivyo hivyo na uchafu wake, kisha urudi hapa.